Jina Lilikuwa na Mwenyewe

Jina langu lilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Alikuwa baba yangu mdogo, kitinda mimba wa bibi yangu, aliyeondoka kijijini kwetu mkoani Ruvuma mwishoni mwa mwaka 1978 akiwa na miaka 22, akaenda kwenye vita vya Kagera na hakurudi. Mimi nilizaliwa mwaka 1980, nikapewa jina hilo kwa sababu bibi alikuwa ameshaagiza kwamba mtoto wa kiume atakayetangulia kuzaliwa katika ukoo ndiye atakayelibeba. Kwa hiyo nimeishi zaidi ya miaka 40 nikiitikia jina ambalo mwenyewe alikwishalifia, na kila inapofika tarehe 25 Julai, yaani Siku ya Mashujaa, huwa sijui vizuri nikae upande gani wa kumbukumbu hiyo. Nimefundisha historia katika shule ya sekondari jijini Dar es Salaam kwa karibu miaka 20, na haya ninayoyaandika niliyajifunza polepole, mengi yake baada ya kuyafundisha vibaya.

Vita vyenyewe nimevijua kwa njia mbili zisizofanana. Njia ya kwanza ni ya vitabu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaliteka eneo lote lililo kaskazini ya mto Kagera na kutangaza kwamba tangu hapo lilikuwa sehemu ya Uganda, na tarehe 3 Novemba yakalipua daraja la Kyaka. Siku moja kabla ya daraja hilo kulipuliwa, Mwalimu Nyerere alikuwa amelitangazia taifa maneno ambayo hata watoto waliozaliwa baadaye sana wanayajua kwa moyo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Jeshi la Wananchi likaongezewa nguvu na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, mgambo, polisi na askari magereza, Kampala ikaangushwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni askari wetu walikuwa wamefika mpaka wa Uganda na Sudan. Hayo naweza kuyaandika ubaoni kwa dakika kumi bila kushika kitabu.

Njia ya pili ni ya bibi, nayo haina tarehe hata moja. Katika simulizi yake vita vinaanzia kwenye tofali. Baba mdogo alikuwa amefyatua tofali za nyumba yake ya kwanza, akazipanga na kuzifunika kwa nyasi akisubiri kupata kuni za tanuru, na kwa kuwa alikuwa amepitia mafunzo ya mgambo, lori lilipokuja kuwachukua vijana naye akapanda. Alimwambia bibi asiziguse zile tofali, atazichoma akirudi. Bibi hakuzigusa. Mvua za mwaka ule zikazinyeshea zikiwa mbichi, nyasi zikaoza juu yake, na barua ilipofika katikati ya mwaka uliofuata, ikasomwa na mwenyekiti wa kijiji mbele ya mlango wetu, tofali zilikuwa zimeshakuwa kichuguu cha udongo mwekundu chenye majani. Nilipokuwa mdogo nilikatazwa kucheza juu ya kichuguu kile, na sikuelezwa sababu.

Barua ilileta habari bila kuleta maiti. Jambo hili ndilo ninalotaka msomaji alitulize akilini, maana kwa maoni yangu ndipo inapoanzia haja ya kuwa na siku kama hii, kabla ya gwaride na kabla ya hotuba. Kwetu mtu akifa kuna kaburi la kuchimba, kuna udongo wa kushika mkononi na kutupia, kuna matanga ya kuanua, na baada ya hapo kuna mahali pa kwenda kufyeka majani. Bibi hakupata hata moja kati ya hayo. Padri aliadhimisha misa, wazee wakabishana kwa siku tatu kama matanga yanaweza kuanuliwa pasipo kaburi, na mwishowe wakaanua kwa sababu chakula kilikuwa kinakwisha. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba alilia kama mtu anayemwaga maji gizani, asijue yanaangukia wapi.

Kumbe wakati huohuo kazi ya kuwakusanya waliokufa ilikuwa inaendelea upande mwingine wa nchi. Wanajeshi wetu zaidi ya 600 wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera, na mwishoni mwa Julai 1979, wiki chache tu baada ya mapigano kwisha, Mwalimu Nyerere alifika kwenye makaburi hayo akiwa pamoja na Makamu wa Rais Aboud Jumbe, Waziri Mkuu Edward Sokoine, Mkuu wa Majeshi Jenerali Abdallah Twalipo na Katibu Mtendaji wa CCM Pius Msekwa, kutoa heshima kwa waliolala pale. Mnara mweupe wenye majina ya marehemu ukawekwa. Kutoka kwetu hadi Kaboya ni kuikata nchi kutoka kona moja hadi nyingine, na hiyo ndiyo miaka ambayo Mwalimu alikuwa amewaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18 ili nchi ilipe gharama za vita, miezi 18 ambayo ilirefuka hadi mimi nikaanza darasa la kwanza nikifuliwa nguo kwa majani ya mpapai kwa sababu sabuni haikuonekana dukani. Nauli ya kwenda Kagera ilikuwa jambo la kuotwa tu.

Badala ya kaburi bibi alikuwa na redio. Kila tarehe 25 Julai aliamka mapema, akafagia uwanja, akavaa kitenge alichokuwa akienda nacho kanisani, akaketi kwenye kigoda karibu na redio ya baba kusikiliza maadhimisho yaliyokuwa yakitangazwa kutoka Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Siku ya Mashujaa si siku ya mapumziko katika nchi yetu, na watu huendelea na shughuli zao kama kawaida, hivyo mara nyingi alisikiliza peke yake huku wengine wakiwa shambani au shuleni. Nikirudi mchana nilimkuta hapohapo, na swali lake kwa baba lilikuwa moja kila mwaka: "Wameshataja majina?" Baba alimjibu kwamba bado, mama, au pengine wametaja wakati betri zilipokuwa zinalegea. Majina ya mamia ya watu hayawezi kusomwa katika hafla ya saa chache, na nadhani bibi alilijua hilo. Aliendelea kuuliza hadi mwaka 2004, alipofariki.

Kuna jambo jingine dogo kumhusu ambalo nililielewa nikiwa mtu mzima. Bibi hakuwahi kunigombeza kwa jina. Akifurahi aliniita kwa jina langu kamili na kuongeza "mwanangu" badala ya "mjukuu wangu", lakini akikasirika aliniita "wewe" tu. Ndugu zangu waliona napendelewa. Ukweli ni kwamba hasira yake haikuwa na ruhusa ya kulifikia jina lile.

Nilipoanza kufundisha Dar es Salaam nilidhani kwamba mtu aliyelelewa hivyo hana cha kujifunza kuhusu Siku ya Mashujaa. Mwaka mmoja, maadhimisho ya kitaifa yalipokuwa bado yanafanyika Mnazi Mmoja, kabla ya kuzoeleka kufanyika Dodoma kama miaka ya karibuni, niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu wakayashuhudie. Tulisimama nyuma kabisa ya umati. Buruji ya maombolezo ilipigwa, watu wakakaa kimya, kisha zikaanza kuwekwa silaha za jadi kwenye mnara: Rais akaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi akaweka sime, kiongozi wa mabalozi akaweka shada la maua, meya wa jiji akaweka upinde na mishale, na mwakilishi wa askari wastaafu akaweka shoka. Viongozi wa dini wakafuatana kuomba dua na sala, kila mmoja kwa imani yake. Mimi nikawa nawanong'oneza wanafunzi kwamba siku hii ni ya kuwakumbuka waliokufa katika vita vya Kagera, na kwamba huo ndio mwanzo na mwisho wake.

Mzee mmoja mwenye nishani kifuani alikuwa amesimama karibu yetu. Alinisubiri nimalize, nami nilipomwona ananitazama nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Samahani, ule upinde ni wa nani? Mimi kule Masaka, Uganda, sikuuona upinde."

Sikuwa na jibu, naye hakunidai. Alicheka kidogo, akageukia tena kwenye mnara. Lakini swali lake lilinifuata hadi nyumbani, na limenifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria. Askari aliyekufa mwaka 1979 alikuwa na bunduki mkononi. Mkuki, ngao, sime, upinde na shoka ni vya watu wengine kabisa, waliokufa zamani, na kwa kuziweka silaha zile kwenye mnara hafla inasema kwa vitendo jambo ambalo mimi mwalimu nilikuwa nimelikosa: waliokufa Kagera wamepokelewa katika safu iliyokuwa imeshaanza. Aibu yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu mimi ni wa Ruvuma. Nimekulia kilomita chache kutoka Songea mjini, ambako kila tarehe 27 Februari wanakumbukwa mashujaa 67 wa vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ambako kila mtoto anajua kwamba Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni ambaye mji unaitwa kwa jina lake, kichwa chake kilikatwa na inaaminika kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na uzao wa Songea Mbano na kuomba msamaha, na mojawapo ya mambo yaliyozungumzwa ni kukitafuta kichwa hicho. Niliifuatilia habari ile nikimfikiria bibi. Miaka zaidi ya 115 imepita na ukoo bado unadai mtu wake azikwe akiwa kamili.

(Jirani zetu wa Kenya nao wana Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, na wanafunzi wangu huzichanganya kila mwaka. Ile ilitokana na Siku ya Kenyatta, iliyohusiana na kukamatwa kwa wapigania uhuru mwaka 1952, ikabadilishwa jina na Katiba ya mwaka 2010. Inawaheshimu walio hai na waliokufa, wanajeshi na raia. Ni siku ya namna nyingine.)

Tangu swali la yule mzee nimejenga desturi ya kuwapeleka wanafunzi mahali pengine, kwenye Sanamu ya Askari katikati ya jiji. Maelfu ya watu hupita pale kila siku wakiwahi daladala, na wachache sana husimama. Askari wa shaba ameinama mbele kidogo na singe yake imeelekea bandarini. Waingereza waliiweka mwaka 1927, mahali ambapo awali ilikuwepo sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana Mjerumani, nao walikusudia kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918, askari pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi. Wapagazi hao ndio waliotuachia jina la Kariakoo, ambako wanafunzi wangu hununuliwa viatu vya shule. Jina hilo limetokana na namna watu wetu walivyolitamka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi kilichokuwa na kambi pale.

Kwenye kitako cha sanamu kuna maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili, Kiswahili chenyewe kikiwa kimeandikwa kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Yanasema, kwa ufupi, kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nawaomba wanafunzi wasome kwa sauti, kisha nawaambia wazunguke sanamu pande zote wanitafutie jina. Wanazunguka mara mbili, wengine mara tatu, wakiinama na kukodoa macho kama watu waliodondosha sarafu. Halipo hata moja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayohusika na makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, ama hawakukumbukwa kwa majina ama hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi yao inaweza kufika 350,000. Wakati huohuo wanajeshi wa Kizungu kwa kawaida walikumbukwa kwa majina, kwenye jiwe la kaburi au kwenye mnara. Msichana mmoja aliniuliza wajukuu walikumbuke vipi jina ambalo hata aliyewatuma babu zao hakuliandika. Nilimwambia aliandike swali hilo kama lilivyo kwenye daftari lake, kwa sababu sikutaka kuliharibu kwa jibu.

Hapo ndipo nilipoanza kuithamini orodha ya Kaboya, ambayo kwa miaka mingi niliiona kama jambo la kawaida la kiserikali. Taifa changa na maskini, likiwa limefunga mkanda, liliwakusanya watu wake kutoka nchi ya kigeni na kuwaandika. Halikuwaandika wote waliokufa kwa ajili ya vita hivyo, na ninaona vibaya kwamba wakulima na wafugaji waliouawa kaskazini ya mto Kagera katika wiki zile za mwanzo hawasikiki sana tarehe 25 Julai. Lakini liliwaandika wale liliowatuma. Orodha hiyo haijafungwa pia. Mwezi Julai 2013 wanajeshi wetu saba waliokuwa kwenye kulinda amani waliuawa Darfur, na Desemba 2017 wengine wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio la Semuliki, Kivu Kaskazini. Miili iliporudishwa kutoka Kongo niliona kwenye televisheni majeneza yaliyofunikwa bendera yakiwa yamepangwa mstari, na kina mama wakiyashika kwa viganja. Nilizima televisheni. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye vile viganja.

Kaboya kwenyewe nilifika mwaka 2015, wakati wa likizo ya Juni, mimi na baba. Yeye alikuwa ameshastaafu, magoti yakimsumbua, na safari ya basi kutoka Dar es Salaam kupitia Singida, Kahama na Biharamulo ilimchosha kiasi kwamba nilijuta kumchukua. Tulilala Bukoba, na kesho yake akataka kwanza kwenda Kyaka. Hakuwa na haraka ya kwenda makaburini. Tulisimama kando ya daraja jipya kwa karibu saa nzima, yeye akiyatazama maji ya Kagera yanayopita kwa kasi na rangi ya chai ya maziwa, bila kusema neno. Mwishowe akasema kwamba alikuwa akidhani ni mto mkubwa zaidi.

Makaburi yako chini ya uangalizi wa jeshi, na tuliingia baada ya kuomba ruhusa. Kijana mmoja wa jeshi, ambaye hakuwa hata amezaliwa vita vilipopiganwa, alituongoza. Makaburi yamepangwa kwa mistari iliyonyooka, na kimya chake si cha makaburi ya kijijini ambako daima kuna jogoo au mtoto anayelia mahali fulani. Baba akatoa mfukoni leso iliyofungwa fundo. Sikuwa na habari nayo. Ndani yake kulikuwa na udongo mwekundu, nami nikaujua kabla hajaniambia: ulikuwa wa kile kichuguu cha tofali.

"Kijana," akamwambia yule askari, "naomba ruhusa nimwage udongo huu hapa. Ni wake."

Askari alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mwaga, mzee," akasema. "Ila usichimbe."

Baba akamwaga. Kisha akajivuta hadi mbele ya mnara, akavaa miwani, na badala ya kulitafuta jina la mdogo wake kama nilivyotarajia, akaanza kusoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, taratibu, kwa ile sauti ya kuita mahudhurio darasani. Nilitaka kumwambia kwamba ni mengi mno na kwamba amesimama muda mrefu, lakini nikaikumbuka ile redio na lile swali, nikanyamaza. Askari naye alivua kofia. Baba alisoma majina ya watu wa makabila na dini zote, mengine akiyarudia pale ulimi ulipokwama, na akiwa ameshafika mbali akalitamka jina langu, jina la kwanza na la ukoo, kwa sauti ileile aliyokuwa akiniitia tangu utotoni.

"Naam, baba," nikaitika.

Hakugeuka. "Sikukuita wewe," akasema, akaendelea na jina lililofuata.